Mjusi Nyuma ya Kabati

Usiku wa tatu nikamwambia Kimanthi: kuna mjusi.
Nyuma ya kabati, karibu na mtungi wa gesi,
analia tik, tik, halafu ananyamaza
kama mtu aliyesahau jina alilotaka kuita.
Kimanthi akageukia ukuta. "Mwache. Anakula mbu."

Hakuwa mjusi.

Ilikuwa diski ya tatu kutoka kushoto,
terabaiti kumi na nane,
niliyoinunua Luthuli, ghorofa ya pili, kwa Gedi,
aliyeapa kwa jina la mamake kwamba ni mpya.
Nilipoichomeka nyumbani na kuiuliza umri
ikasema kweli, maana chuma hakina haya:
saa elfu arobaini na moja imezunguka
kwenye ghala la watu nisiowajua,
ikitunza yasiyonihusu.
Nikampigia. Akacheka. "Nyaboke,
hata wewe si mpya, na kazi unafanya."
Nikakosa jibu. Akanirudishia elfu mbili.

Kasha lenyewe nilichomelewa Kariobangi,
bati la rangi mbili, kona moja imepinda.
Feni zinavuma usiku kucha. Kimanthi huhesabu tokeni za stima
kwa kidole, polepole, ili nimwone.
"Kuna mtoto wa nne humu ndani
na sijaonyeshwa cheti."

Humo ndani: harusi mia tatu na kumi na mbili.
Matanga sihesabu.
Mahari zilizokataliwa saa sita, zikakubaliwa baada ya chai.
Bibi harusi wa Donholm aliyeangua kicheko
pasta alipotamka "umaskini",
akacheka mpaka shela ikadondoka.
Watu hunilipa siku moja, wakaenda zao.
Miaka saba baadaye mmoja hubisha,
hataki kiti, hataki maji,
anauliza akitazama viatu vyake:
"Ile ya baba... ulifuta?"

Sifuti. Ndiyo maana nanunua vyuma.

Diski nne, na nimezipanga hivi:
hakuna iliyo na kisa kizima peke yake.
Kila moja imemegewa kidogo cha wenzake,
kwa hiyo mmoja akifa, waliobaki huulizwa,
wewe ulibaki na nini? na wewe?
na katika hesabu ya majibu yao
aliyezikwa anarudi, neno kwa neno.
Lakini mmoja tu. Wakifa wawili, basi.

Nikaingiza diski nyingine. Saa thelathini na moja,
kioo kikaniambia. Sikulala. Nilipika ugali nikausahau.

Jumamosi saa mbili usiku, asilimia sitini na nne,
Umoja nzima ikawa giza.
Betri ikaanza kulia. Dakika kumi na nane, si zaidi.
Nilisimama nimeshika kasha kwa mikono miwili
kana kwamba joto langu ni umeme.
Kimanthi hakusema kitu. Akashuka ngazi na fulana yake ya ndani
mpaka buchari ya Ogaro, penye jenereta ya friji.
Nilisikia wakizozana bei ya petroli,
kisha sauti ya mume wangu, ile ya kanisani:
"Mama yako yuko kule juu. Ile siku ya Kendu Bay,
aliposimama kukuimbia. Yuko kule juu, Ogaro,
na dakika zimebaki nane."

Kimya. Mbwa mmoja.
Halafu kebo nyeusi ikarushwa kutoka chini,
ikagonga chuma cha baraza, ikaanguka,
ikarushwa tena.

Ogaro hakudai petroli yake.
Alikuja Jumatatu, aproni imejaa damu,
akaketi. Maji akakubali.
Nikamwachia chumba.

Usiku ule, feni zikivuma vizuri,
nikasikia: tik.
Moyo ukaniruka. Nikawasha tochi ya simu
nikainama nyuma ya kabati.

Alikuwa mjusi.